Boti ya jeti ndogo au kubwa? Tuelewane kwanza kabla hela haijatoka

Binamu yangu msimu uliopita korosho zilimkalia vizuri, yeye na wenzake wawili wakakaa wakaamua wanunue boti ya jeti, wikiendi watembeze familia na wageni wanaofikia Mtwara na Mikindani wakitaka kuzungushwa baharini wawazungushe. Akanipigia jioni, "Kaka, we ndo unashinda na mashine za boti, hebu tuambie, tuchukue ya futi 19 au ya futi 24?" Nikamuuliza mtailaza wapi na mtakuwa mnaenda nayo wapi, akasema hayo yatajulikana mbele ya safari, we sema tu ipi nzuri.

Swali hilo nimelisikia Shangani hapa Mtwara, nimelisikia Mikindani, na Lindi mjini kuna jamaa aliniuliza vile vile. Majibu wanayopewa watu ni ya kubahatisha, huyu anasema chukua kubwa haizami, yule anasema chukua ndogo haili mafuta, mwingine anasema yoyote tu ilimradi jeti maana jeti inapita hata kwenye maji ya kifundo cha mguu. Yote matatu hayako hivyo yanavyosemwa, na hela inayozungumzwa hapa ni ya jasho la watu, kwahiyo nimeona bora niandike kwa kirefu.

Tuanze na jina maana hata hapo watu wanachanganya. Jeti sio gati, gati ni pale meli inapofunga. Na boti ya jeti sio jetski. Jetski unaikalia kama bodaboda, miguu huku na huku, tena Jet Ski lenyewe ni jina la biashara la Kawasaki walioanza kuziuza miaka ya 1970, likazoeleka mpaka kila kampuni bidhaa yake inaitwa hivo, kama tunavyoita dawa yoyote ya meno Colgate. Boti ya jeti ni boti kabisa ya fiba, unaingia ndani, ina viti, usukani wa mduara kama wa gari, na mashine yake imefichwa chini nyuma huioni. Hizi za starehe zinaanzia kama futi 15 zinaenda mpaka 25 na zaidi kidogo. Hapa nikisema ndogo naongelea futi 19 hivi, nikisema kubwa ni ile ya futi 24 au 25.

Sasa neno jeti maana yake nini. Umewahi kumuona ngisi akikimbia? Anavuta maji ndani ya mwili wake alafu anayatema kwa nguvu kupitia mrija mdogo, maji yanaenda huku na yeye anaenda kule. Basi ndo hivo hivo. Boti ya jeti haina propela inayoning'inia nje kama mashine ya hosipawa 40 kwenye boti zetu za uvuvi. Chini ya boti kuna tundu lenye wavu wa chuma, maji yanavutwa hapo, ndani kuna kifaa kinaitwa impela kinachozunguka ndani ya bomba lililoibana kabisa, kinayasukuma maji yatoke nyuma kwa kasi kubwa kupitia mdomo mwembamba. Ule mdomo unageuzwa kulia na kushoto, ndo usukani wako. Ukitaka kurudi nyuma kuna kifuniko kama bakuli kinashuka mbele ya ule mdomo, maji yanagonga pale yanarudishwa kuelekea mbele, boti inarudi nyuma. Hamna breki hapo, hamna gia kama ya gari.

Aliyeifanya ifanye kazi vizuri ni mtu wa New Zealand anaitwa Bill Hamilton, mfugaji kondoo na fundi, miaka ya 1950 alitaka kupanda mito ya kwao ambayo ina maji machache na mawe mengi, propela ingekatika siku ya kwanza. Mwanzo alikuwa anayatoa maji chini ya boti, mambo hayakwenda, alipoyatoa nyuma juu ya usawa wa maji ndo boti ikachomoka. Mwaka 1960 boti zake zikapanda mto Colorado kule Marekani zikipita Grand Canyon dhidi ya mkondo. Kwahiyo kumbuka, hii teknolojia ilizaliwa mtoni, kwenye maji safi yenye mawe. Sisi tunaileta kwenye bahari yenye mchanga, majani na chumvi, na hapo ndo hesabu inapobadilika.

Ile habari ya maji ya kifundo cha mguu ina ukweli nusu. Boti ikiwa imeshanyanyuka inakimbia juu ya maji ni kweli inapita sehemu fupi sana kwasababu hamna kitu kimeshuka chini yake. Lakini ikisimama inakaa chini kama boti nyingine yoyote, ya futi 19 inazama futi moja na kidogo, ya futi 24 au 25 inakaribia futi moja na nusu na zaidi ukijaza watu. Na ukiwasha mashine hapo kwenye maji mafupi lile tundu linafanya kazi kama mashine ya kunyonya vumbi, linavuta mchanga, kokoto, vipande vya matumbawe, kila kitu. Mchanga unakwangua ile impela na ukuta wa bomba lake, nafasi kati yao ikiongezeka hata kidogo tu nguvu inapotea, mashine inalia na boti haiendi. Vitabu vya watengenezaji vinataka uwe na maji ya sentimita 60 mpaka 90 chini ya boti kabla hujawasha, kutegemea chombo. Ukijumlisha na ile sehemu inayozama hayo ni maji ya kiunoni mpaka kifuani, wala sio kifundo cha mguu.

Nieleze nilichokiona kwa macho. Kuna jamaa alileta boti ya jeti ya futi 19 hapa Mtwara, injini moja, nzuri inang'aa, akatuomba mimi na mjomba wangu tutoke naye. Mjomba ni nahodha wa miaka mingi, kazi yake yote kaifanya kwenye ngalawa na mashua kabla ya mashine. Tukavuka upande wa Msangamkuu, maji yalikuwa yanakupwa, yule jamaa akakata kona kupita juu ya majani ya bahari yale marefu ya kijani mnayoyajua. Ghafla mashine ikapiga kelele juu, boti ikashuka ikawa inajikokota kama mtu aliyekanyaga tope. Jamaa akazidisha mafuta, kelele ikazidi, mwendo wala. Mjomba akamwambia kwa upole, "Zima mpwa, umekula majani." Tukafungua kifuniko cha nyuma kwenye kibaraza cha kuogelea, boti hii ilikuwa na tundu la kuingizia mkono mpaka kwenye bomba, nyingine hazina na inabidi mtu azame chini. Mjomba akalala kifudifudi akaingiza mkono mpaka bega, akawa anatoa majani mafungu mafungu yamejisokota kama kamba ya katani, na katikati yake mfuko wa nailoni. Dakika kama ishirini hivi. Muda wote huo maji yanakupwa yanatuvuta kwenda nje, na hatukuwa na kitu kingine cha kutusogeza zaidi ya nanga. Tulitupa nanga ikashika, tukatoka salama, lakini mjomba aliniangalia akaniuliza swali ambalo hadi leo ndo naanzia nalo mtu akiniuliza habari za hizi boti: "Na ingekuwa ni huko nje, na upepo wa kusi, je?"

Swali hilo ndo tofauti kubwa kuliko zote kati ya ndogo na kubwa, sio viti, sio spika za muziki. Boti nyingi za jeti za futi 19 zina injini moja na bomba moja. Kwa mfano za Yamaha, ile ya futi 19 ina injini moja, zile za futi 22 na 25 zina mbili. Ukinunua kubwa hela nyingi unayoongeza inaenda kwenye ile mashine ya pili, na ile mashine ya pili sio kwa ajili ya kukimbia tu, ni ya kukurudisha nyumbani. Bomba moja likila kamba, la pili linakuleta, polepole, pengine boti isinyanyuke kabisa, ila utafika. Sitaki nikudanganye, ukiingia kwenye shamba la majani na mashine mbili zinaweza kuziba zote kwa pamoja maana zimekaa jirani, lakini kamba, mfuko, betri kufa, plagi kuchoka, hayo mara nyingi yanagonga upande mmoja.

Sasa bahari yenyewe. Ghuba ya Mtwara imefungwa vizuri, Mikindani nayo hivo hivo, Lindi pale kati ya mjini na Kitunda hali kadhalika, asubuhi maji yanakuwa laini unaweza kumpeleka bibi yako. Humo ndani futi 19 inatosha kabisa na mtafurahi, inageuka haraka, ni nyepesi, watoto wanashangilia. Lakini ukishapita Ras Msangamkuu hiyo ni Bahari ya Hindi, na kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9 kusi linavuma na mchana linaongezeka nguvu. Mtu anayetaka kwenda Msimbati kwa maji kutoka Mtwara kipindi hicho anaenda anapigwa na upepo wa mbele sehemu kubwa ya njia.

Kwanini urefu unasaidia kwenye wimbi? Chukua bajaji na basi wapite barabara ile ile yenye mashimo. Bajaji gurudumu linashuka lote shimoni, mnarushwa, basi linadandia juu ya mashimo mawili matatu kwa mara moja. Boti fupi inapanda wimbi moja inaanguka kwenye bonde kabla ya lijalo, pah, inapiga tumbo, mgongo unauma, mizigo inaruka. Boti ndefu na nzito inakata, kichwa kinafika kwenye wimbi la pili wakati nyuma bado iko kwenye la kwanza. Na uzito haukui sawa na urefu, hilo wengi hawalijui. Futi 19 kavu bila mafuta wala watu ni kama tani moja na robo, ile ya futi 25 inakaribia tani mbili. Urefu umeongezeka kwa karibu theluthi tu, uzito umeongezeka kwa zaidi ya nusu. Uzito huo ndo unaokupa utulivu baharini, na uzito huo huo ndo utakaokutesa ufukweni, nitafika hapo.

Lakini kubwa haizami ni maneno ya hatari nayapinga kabisa. Boti hizi za starehe, ndogo na kubwa, nyingi kichwa chake kiko wazi, kule mbele wamewekewa makochi ya kukaa. Ukijaza watu mbele alafu ukaachia mafuta ghafla kwenye mawimbi kichwa kinashuka na wimbi linaingia lote ndani, na hilo haliulizi futi ngapi. Afu kuna jambo litakushangaza. Sheria ya Marekani, ambako nyingi ya boti hizi zinauzwa, inalazimisha boti za injini za chini ya futi 20 zijengewe kitu cha kuelea ndani yake ili hata zikijaa maji zisiende zote chini, zibaki zinaelea watu wazishikilie. Kuanzia futi 20 kwenda juu sheria hiyo haimlazimishi mtengenezaji. Kwahiyo ile ndogo unayoidharau inaweza ikabaki juu ya maji wakati kubwa imeshaondoka. Ulizia hilo kabla ya kununua, na soma kile kibao kidogo kilichobandikwa karibu na usukani kinachosema watu wangapi na kilo ngapi. Futi 19 mara nyingi ni watu wanane, futi 24 au 25 wanafika kumi na mbili. Hiyo ni idadi ya mwisho kwenye maji tulivu, kwa bahari yetu mimi napunguza theluthi. Nchi hii tumezika watu wengi mno kwa sababu ya kuzidisha abiria, sihitaji kukumbusha MV Nyerere mwaka 2018, na wale walikuwa ziwani, kisiwani karibu wanakuona.

Usukani nao unahitaji maelezo kwasababu watu waliozoea mashine za nje wanaumia hapa. Kwenye jeti kinachogeuza boti ni yale maji yanayotoka. Ukiachia mafuta maji hayatoki, na maji yasipotoka unazungusha usukani mpaka mwisho na boti inaenda moja kwa moja pale pale ilipokuwa inaenda. Akili ya mtu mwenye hofu inamwambia achia mafuta, kumbe anatakiwa aguse kidogo ndo ageuke. Ukikaribia gati au mitumbwi iliyofungwa pale Mikindani unatakiwa uwe umeshajizoesha hili nje kwenye uwazi, mara ishirini, thelathini. Ndogo inayumba yumba zaidi ukiwa mwendo wa pole, kubwa inatulia kidogo ila ikishaanza kwenda kuisimamisha kwa mikono hakuna atakayeweza, tani mbili na watu kumi zinakuja kwenye mguu wako.

Na kwakuwa haina propela watu wanasema ni salama kabisa kwa watoto kuogelea nyuma. Hapana jamani. Ni kweli hamna visu vinavyozunguka nje, hiyo ni faida kubwa na mimi naipenda jeti kwa hilo. Lakini lile tundu la chini linavuta nywele ndefu, kamba ya laifu jaketi, kanga, na yale maji yanayotoka nyuma yana nguvu ya kumjeruhi mtu ndani ya mwili akiwa karibu na ule mdomo. Mtu yeyote akiwa nyuma ya boti, mashine izimwe na ufunguo utoke.

Mafuta. Kanuni ya mafundi ni kwamba mashine ya petroli ukikanyaga mwisho inakula kama lita 4 kwa saa kwa kila hosipawa 10. Mashine ya hosipawa 180 basi ni karibu lita 70 kwa saa, mbili za namna hiyo ni 140. Chukua bei ya mwezi huu ya EWURA, wale wanaotangaza bei za mafuta, uzidishe mwenyewe uone. Hamna anayekanyaga mwisho siku nzima, mwendo wa kawaida ni chini ya nusu ya hapo, ila hesabu hiyo uijue. Hapo ndo yule anayesema ndogo haili mafuta anaonekana ana haki, na mara nyingi anayo. Isipokuwa ukiibebesha. Futi 19 yenye watu tisa na madebe ya maji na majiko ya kuchomea samaki inashindwa kunyanyuka, inaburuta tumbo kwenye maji huku mashine iko juu kabisa, na hapo inakula vibaya kuliko kubwa inayokimbia imenyanyuka na watu hao hao. Kama kila safari yenu ni watu tisa, basi ndogo sio ya bei nafuu.

Sasa ufukwe, na hapa ndo binamu yangu alikaa kimya kwenye simu. Kwenye picha za wenzetu unaona boti inashushwa kwenye sakafu ya zege iliyoingia majini, gari inarudi nyuma dakika tano imeisha. Kwetu sehemu kubwa ni mchanga, na bahari yetu inapanda na kushuka sana, siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, zaidi ya mita 3. Pale watoto walipocheza mpira saa nne asubuhi, saa kumi jioni unaogelea. Ukiacha boti ya futi 19 vibaya maji yakakupwa ikakaa mchangani, wanaume wanane wenye nia na magogo ya kuviringishia wanaweza kuisogeza. Ya futi 25 hapana, unakaa unaisubiri bahari irudi, masaa sita na zaidi, na ikirudi na mawimbi inaigonga gonga chini kabla haijaelea. Kuivuta kwa trela nako, futi 19 na trela na mafuta ni kama tani mbili, pikapu nzuri ya 4x4 inavuta kwenye mchanga mgumu. Kubwa na trela yake ni karibu tani tatu, mchanga ukiwa laini na maji yanapanda nyuma yako, unaweza kupoteza boti na gari kwa pamoja.

Utasema basi naiacha majini kwenye nanga kama boti za uvuvi. Mashine ya nje unainyanyua ikatoka majini, jeti huwezi, bomba lake linakaa ndani ya maji ya chumvi usiku na mchana, wiki chache tu vikonokono na magamba yameshaota mle ndani ambapo impela inahitaji ukuta laini. Boti ya jeti inataka kutoka majini baada ya matumizi. Na ikitoka inataka kuoshwa ndani kwa maji baridi, kila safari, bila kukosa, maana mashine nyingi zinapozwa na maji ya bahari yale yale. Kwa Yamaha utaratibu ni kuwasha mashine kwanza ndo ufungulie mpira wa maji, na kumaliza unafunga maji kwanza ndo uzime mashine, ukikosea mpangilio maji yanaweza kuingia ndani ya injini. Mbili ni mara mbili, plagi nane badala ya nne, oili mara mbili, na maji ya bomba mnajua wenyewe mitaa yetu yanavyotoka kwa zamu.

Kama unanunua iliyotumika, na wengi ndo tutakavyonunua, ukute boti ndogo ya Sea-Doo ujue watengenezaji wake BRP waliacha boti zao za jeti za michezo mwaka 2012, kwahiyo ulizia spea kabla ya bei. Kwa ile yoyote, ndogo au kubwa, mulika tochi kwenye tundu la chini uangalie ncha za impela, zikiwa zimeliwa kama msumeno mwenye nayo alikuwa anawasha mchangani.

Kitu kingine hakihusu mfuko wako lakini kinaniuma. Kwenye maji mafupi ya pwani hii akina mama wana mashamba ya mwani, kamba zimefungwa kwenye vijiti, maji yakijaa huzioni. Boti ya propela nahodha anaogopa kupita hapo, mwenye jeti anaambiwa jeti inapita popote. Ukipita wewe umekata kamba za mtu aliyezifunga kwa mikono yake moja moja, na bomba lako nalo limekula kamba. Na upande wa Msimbati kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ipo tangu mwaka 2000, ina taratibu zake, pita ofisini kwao kwanza. Nyangumi wanapopita kuanzia mwezi wa 7 mpaka wa 11 watu watakuomba uwapeleke, usimkimbilie nyangumi, zima au punguza ukiwa mbali. Na TASAC, wakala wa serikali wa meli na vyombo vya majini, chombo kisajiliwe na kikaguliwe kabla hujabeba hata mtu mmoja wa kulipa.

Kwahiyo mimi nilimwambia binamu hivi. Kama matembezi yenu tisa kati ya kumi ni ndani ya ghuba, Shangani, Msangamkuu, Mikindani, watu watano sita, asubuhi, chukueni futi 19 na hela inayobaki nunueni trela nzuri, nanga mbili, redio na laifu jaketi za saizi za watoto, na msitoke nje ya ghuba na injini moja hata bahari ikiwa kama kioo, kwasababu kioo kinavunjika mchana. Kama kweli mnataka biashara ya wageni, Msimbati au mtu wa Kilwa anayetaka kuzunguka kisiwa cha Songo Mnara, basi ni yenye mashine mbili, na muanze na sehemu ya kuishushia na gari la kuivuta kabla ya boti yenyewe, na watu wa hali ya hewa, TMA, wakitoa tahadhari ya upepo na mawimbi safari haipo hata mgeni akilipa mara mbili. Kati ya hizo mbili kuna futi 22 yenye injini mbili na ni nyepesi kidogo, mimi kwa Mtwara ndo ningeiangalia kwanza, ila bei yake inasogelea kubwa.

Akaniuliza sasa tuanzie wapi. Bamvua linalokuja Jumamosi tunaenda mimi, yeye na mjomba pale wanapotaka kuilaza, maji yakiwa yamekupwa mpaka mwisho, na pondo la mita nne. Tutatembea kutoka ukingoni tukipima mpaka tufike penye maji ya kifuani, tuhesabu ni hatua ngapi za mchanga. Mjomba kasema twende na viatu, kuna urchini wengi, wale wa miiba.